Dume mzee mwenye watoto au kijana ambaye hajapanda? Nina wiki mbili za kuamua

Mama Bucha, Umoja (Jumapili, saa 3 usiku)

Habari za jioni wadau.

Mimi nina bucha hapa Umoja, mwaka wa kumi na nne huu. Nyama nachukua machinjio ya Njiru alfajiri, kwa hiyo ng'ombe aliyekwisha kufa namjua kuliko aliye hai. Akining'inia kwenye ndoano nitakuambia kama alishiba miezi ya mwisho au aliswagwa kutoka mbali. Aliye hai ndiye ananitoa jasho.

Marehemu mume wangu aliniachia shamba kule ng'ambo ya Isinya na ng'ombe kumi na mmoja. Leo majike ni 28, Boran na chotara wa Boran na zebu wetu wa kawaida. Kati yao mitamba ni tisa, hawajapandwa, nimewatenga. Hao 19 wengine, saba bado wana mimba ya dume niliyekuwa naye. Mimi ni mkulima wa simu, sikatai. Naenda Jumapili moja naacha nyingine, na yanayobaki tunamalizana na kijana wangu wa boma kwa simu na M-Pesa.

Dume huyo nimemuuza mwezi wa Februari na nitawaeleza kwa nini, maana ndiyo sababu ya swali langu. Niliuziwa na dalali. Mwekundu, chotara wa damu ya kizungu, mgongo kama meza. Nilimpenda kwa jicho la bucha: nyuma pana, mapaja yamejaa hadi yanasuguana. Hakuna aliyeniambia kwamba mapaja yale ndama wake huja nayo kutoka tumboni.

Novemba iliyopita, saa nane usiku, simu ikalia. Mtamba ameshikwa na uchungu tangu jioni. Miguu miwili ya mbele imetoka, na katikati yake ncha ya ulimi, umevimba, rangi ya biringanya. Kijana alikuwa peke yake na jirani, akaiweka simu chini kwenye nyasi bila kuikata ili apate mikono miwili. Kwa hiyo nilisikia yote. Kamba ikisugua. Mtamba akikoroma. Jirani akisema, "Ngoja asukume. Ngoja! Haya, sasa." Mimi niko kitandani Umoja nimeikaba simu kama vile ndiyo kamba. Ndama alitoka amekufa. Mama yake hakuinuka, tulimgeuza ubavu asubuhi na jioni siku nne, ya tano basi. Wiki tatu baadaye mwingine akakwama. Huyo mama tulimwokoa, ndama hapana.

Sasa nina madume wawili mbele yangu.

Wa kwanza ni Boran wa upande wa Konza, mwenyewe anasema ana miaka minane. Bei 240,000. Amezaa pale misimu kadhaa, nikaonyeshwa ndama wake sita, wazuri, hata mimi nilitabasamu. Tena mwaka jana nilinunua maksai watatu wa boma hilohilo, kwa maneno ya mwenyewe ni watoto wake. Kwenye ndoano walitoa kilo 188, 196 na 181. Hao si ng'ombe wa kudharau, anayejua bucha anajua.

Wa pili ni kijana wa miezi 26, Boran aliyesajiliwa, karatasi za baba na mama zipo, na uzito wake umeandikwa. Hajawahi kupanda hata ng'ombe mmoja. Bei 290,000.

Yaani aliyefanya kazi ni rahisi kuliko ambaye hajafanya! Shemeji yangu anasema nichukue mzee kwa sababu matunda yake nimeshayaonja. Kijana wangu wa boma anasema mzee atakuja kutufia mkononi. Nyinyi mnasemaje?

Mzee wa Konza (Jumapili, saa 4 usiku)

Pole mama kwa mtamba wako. Hiyo ya simu kwenye nyasi nimeisoma mara mbili.

Chukua mzee. Nakuambia kwa uchungu wangu mwenyewe. Niliwahi kununua kijana mwenye utepe wa maonyesho, amesuguliwa mafuta, kwato zinang'aa. Nikamleta nyumbani, akasimama chini ya mgunga akicheua. Ng'ombe yuko joto, anamnusa, anaangalia milima. Wakati mwingine anapanda, anateleza, anarudi kivulini. Miezi mitatu. Daktari alipokuja kupima mimba, wenye mimba walikuwa wanne kati ya 21. Ndipo akanieleza kwamba kijana alilishwa kwa ndoo mpaka mafuta yakajaa hata kwenye mfuko wa korodani, joto likaua mbegu. Mwaka mmoja wa ndama uliniponyoka hivyo.

Mzee unamjua anaweza kazi. Kama hawezi, wale ndama sita ni wa nani?

Daktari wa Vumbi (Jumatatu, saa 12 asubuhi)

Mama, salamu. Natibu mifugo upande wa Kajiado na Machakos, na swali hili naulizwa kila msimu. Mzee wa Konza amesema kweli, ila amesema nusu.

Tuanze na wale sita. Uliona sita. Mwaka ule walizaliwa wangapi? Kama walizaliwa saba, una dume wa ajabu. Kama walizaliwa 30, umeonyeshwa sita waliosimamishwa karibu na lango. Mpigie mwenyewe, mwombe uone wote wa mwaka mmoja, pamoja na yule mwembamba aliye nyuma ya boma. Na maksai wako watatu ni hivyohivyo. Aliyekuuzia ndiye aliyewachagua, na wewe ulichagua tena ulipowatazama. Walikuwa na umri gani? Walikula nyasi za mwaka wa mvua au za kiangazi? Kilo 196 inaweza kuwa ya baba, ya mama au ya mvua.

Dume huhesabiwa amethibitika pale watoto wake wengi wamepimwa mizani pamoja na watoto wa madume wengine, waliozaliwa msimu mmoja, wakala malisho mamoja, wakaachishwa wakati mmoja. Hapo unaona tofauti iliyoletwa na baba. Watu wa nasaba huipa hesabu hiyo kiwango cha uhakika, kutoka sifuri hadi moja. Kijana unayemjua kwa karatasi za wazazi tu huwa na kama 0.2 hadi 0.4. Ukiongeza uzito wake mwenyewe, akipimwa na wenzake, kinapanda kidogo. Mwenye watoto wengi waliopimwa hupita 0.8. Huyo dume mzee unayeuziwa, asiye na mtoto hata mmoja aliyepandishwa mizani, kwa hesabu hii ni kijana mwenye nundu kubwa.

Na uhakika usiuchanganye na uzuri. Dume anaweza kuthibitika kabisa kwamba watoto wake ni wadogo. Kiwango cha uhakika kinakuambia tu kwamba namba uliyopewa haitakuruka baadaye. Kwa kijana inaweza kuruka, juu au chini. Karatasi zinasema wazazi wake ni akina nani, hazisemi alirithi upande gani. Kila mzazi hutoa nusu ya vinasaba vyake na nusu hiyo hubadilika kila anapozaa. Ndiyo maana ndugu wa baba mmoja mama mmoja, huyu anakuwa fahali wa kuuza na huyu anakuja kwako Njiru.

Kuhusu usiku wa Novemba: uzito wa kuzaliwa hurithiwa vizuri, kama theluthi moja ya tofauti unayoiona hutoka kwenye damu. Ndama wa Boran kwa kawaida huzaliwa na kilo 25 hadi 28. Kwa hiyo ukichukua yeyote kati ya hawa wawili, hofu yako imepungua sana kuliko kwa yule mwekundu. Hata hivyo uliza.

Sasa lile ambalo hakuna anayekuambia kuhusu dume mzee. Ngozi ya ndani ya govi lake hukunjamana kadiri anavyozeeka, na kwenye mikunjo hiyo hukaa vijidudu vya magonjwa ya kupandana, trikomoniasi na kampilobakta. Yeye haugui. Anakula, ananenepa, anapanda. Ng'ombe wako ndio wanarudi joto kila mara, mimba inatoka changa bila kuonekana, na mwisho wa msimu una nusu ya boma tupu na hujui umekosea wapi. Kwa hiyo mzee hanunuliwi kabla govi halijaoshwa na maji yale kwenda maabara, na kwa trikomoniasi jibu moja safi halitoshi, ni mara tatu kwa kuachana wiki. Bruselosi pia, ugonjwa wa kutoa mimba, apimwe damu. Kijana ambaye kweli hajapanda hana hadithi hiyo, au anayo ndogo sana.

Wote wawili wapimwe uwezo wa kupanda. Utepe kwenye korodani: kwa madume wa kizungu kipimo cha chini ni sentimita 30 wakiwa na miezi 15. Boran hukomaa polepole, usitumie jedwali la wazungu kumfukuza mtoto wa mwaka mmoja, lakini kwa miezi 26 mimi binafsi sinunui chini ya 30. Tena wenye korodani kubwa, binti zao huwahi kuingia joto. Halafu mbegu chini ya darubini: asilimia 70 ziwe na umbo zuri, na angalau 30 ziende mbele bila kuzunguka. Miguu, macho, meno. Kisha asimamishwe na jike aliye joto nawe uone kwa macho yako. Hilo lingemwokoa Mzee wa Konza.

Na uliza kwa nini anauzwa.

Mama Bucha (Jumatatu, saa 8 mchana)

Daktari, nimepiga simu nikiwa nakata mbavu, mteja akanisikiliza yote bila kulipa.

Wa Konza: walizaliwa 31. Hakuna aliyepimwa. Nilipouliza akacheka, akasema, "Mama, macho yangu ndiyo mizani." Nikamwambia mimi mteja wangu akiniambia hivyo simuuzii hata robo. Anamuuza kwa sababu mabinti wa huyo dume wameanza kuingia joto.

Wa kijana: alizaliwa kilo 27. Aliachishwa miezi saba akiwa na kilo 184, wenzake wa msimu ule walikuwa 22, wastani wao 169, yeye akawa wa tatu. Niliuliza wa kwanza na wa pili wako wapi, akasema wamebaki shambani kwake. Angalau hakunificha.

Daktari wa Vumbi (Jumatatu, saa 9 mchana)

Sababu ya Konza ni halali kabisa, tena ni dalili ya mtu mwenye akili. Dume akimpanda binti yake, ndama anarithi mambo yaleyale pande zote mbili kwenye robo nzima ya vinasaba vyake. Ubovu uliojificha hutokea. Nawe hesabu: ukimchukua kijana leo, mabinti zake wa kwanza watakuwa tayari miaka mitatu au minne ijayo, na siku hiyo utakuwa kwenye simu ukitafuta dume tena. Mzee naye utaachana naye wakati huohuo au kabla, ila kwa sababu ya miguu.

Kijana wa Kitengela (Jumatatu, saa 1 usiku)

Mimi nasema hivi, dume wa miaka minane ni gazeti la miaka minane iliyopita. Wafugaji wakubwa wanabadilisha madume mapema ili kizazi kipite haraka. Ukimsubiri dume azae, watoto wapimwe, wajukuu waonekane, wenzako wameshavuka vizazi viwili. Kwenye ng'ombe wa maziwa Marekani walianza kutoa rasmi namba za vinasaba vya madume wa Holstein mwaka 2009, yaani ubora wa dume unakadiriwa kwa vinasaba vyake kabla hajazaa, tangu hapo vijana ndio wanaopandisha. Mama chukua kijana, wala usifikirie.

Fundi wa Mtungi, Kabete (Jumatatu, saa 3 usiku)

Kijana wa Kitengela una hoja, ila umeitoa zizi lingine. Kule kuna maelfu ya ng'ombe waliopimwa maziwa na kupimwa vinasaba, namba za kijana zinatokana na hao. Ukichukua kipimo kilichotengenezwa kwa Holstein au Angus ukamwekea Boran wa Isinya, kinakupa namba nzuri isiyo na maana. Na ile ya gazeti la zamani inasimama pale ambapo kila mwaka ndama wanachaguliwa kwa mizani na wanapanda kidogo kidogo. Mahali ambapo macho ndiyo mizani, dume wa mwaka jana na wa mwaka 2010 wanaweza kuwa sawa kabisa, mmoja ana meno mapya tu.

Wakubwa nao hawamwekei kijana mmoja boma zima. Wanaweka vijana wanne, watano. Mmoja akiwa hovyo, mwingine anamfidia, na wastani wa kundi hauwi mbali na walivyotarajia. Mama wewe una nafasi ya dume mmoja. Akikosea yeye, mwaka wako wote umekosea.

Kwa hiyo mimi ningegawa. Wale mitamba tisa usimpe yeyote kati ya hao wawili. Wapandishe kwa mbegu ya mrija, ile iliyogandishwa ambayo fundi huja kumwekea ng'ombe, iwe ya dume aliyethibitika kwa maana ya Daktari, ambaye watoto wake wamepimwa wakizaliwa na inajulikana hawakwamishi. Kituo cha mbegu hapa Kabete kipo tangu 1946, kipindi hicho kikiitwa kituo cha uhimilishaji, hili jina la sasa la rasilimali za vinasaba limekuja 2011. Huko uliza za madume wa nyama, usikubali mtu akuchukulie tu iliyopo kwenye mtungi wake. Mrija ni wa bei ndogo ukilinganisha na mtamba mmoja aliyelala siku tano.

Ubaya wake nitausema pia maana mimi ndiye naitwa matusi baadaye. Boran na zebu joto lao ni fupi, na mara nyingi ni usiku. Asubuhi unakuta nyasi zimelala na hujui nani alimpanda nani. Mkulima wa simu hawezi kulikamata kutoka Umoja. Itabidi mitamba wachomwe dawa ya kuwaleta joto pamoja, fundi aje siku iliyopangwa, na awe fundi wa kweli: mrija unatoka kwenye baridi ya chini ya sifuri nyuzi 196, unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, kwa kipimajoto. Nimeona watu wanauyeyusha kwapani. Hao ndio wanasema mbegu ya mrija haishiki.

Hata kila kitu kikienda vizuri usitegemee wote tisa. Wakishika watano mara ya kwanza shukuru. Waliobaki rudia.

Mzee wa Konza (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Na kijana apewe wale wazima?

Daktari wa Vumbi (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Ndiyo mzee, wamezaa tayari, njia imefunguka, hata akileta ndama mwenye kilo mbili za ziada hawatakwama. Tena tazama hesabu ya Mama: 19 wazima, saba wana mimba, kazi ya kuanzia ni ng'ombe 12. Dume mkomavu huwekewa 25 hadi 30. Anayeanza kazi nampa 12 hadi 15, simpi zaidi. Ungemwekea wote 28 kwa mara moja angekonda kama fimbo na wewe ungesema karatasi zilidanganya.

Mama Bucha (Jumapili iliyofuata, saa 2 usiku)

Wadau nimerudi. Nimefunga bucha Alhamisi nzima, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba, nikaenda na daktari (si huyu wetu, mwingine wa karibu na Isinya) kwa madume wote wawili.

Tulianza Konza. Mwenyewe ni mtu mstaarabu, akatuletea chai, akawaleta ndama wote bila ugomvi. Thelathini na mmoja walikuwa wamebaki 27. Na nikubali, walikuwa wazuri. Hata wa nyuma ya boma hakuwa wa aibu. Daktari akamshika mzee pua, akamfungua mdomo, akaniita nitazame. Meno ya mbele yameliwa, mafupi, yamechanuka kama kitana kilichovunjika, unaona shingo za meno na ufizi umerudi nyuma. Akaniuliza, "Mama, huko Njiru ukiona mdomo huu unasema miaka mingapi?" Nikasema huyu ni kumi kwenda juu. Mwenyewe akakuna kichwa, akasema alimnunua akiwa mkubwa, minane ni kwa hesabu aliyoambiwa na aliyemuuzia. Simlaumu sana. Mimi pia nilinunua mwekundu kwa maneno.

Govi likaoshwa, sampuli ikaenda maabara. Jibu la kwanza bado. Lakini nilipomtazama akiondoka, mguu wa nyuma wa kushoto anaukanyaga taratibu, kama mtu anayeshuka matatu yenye ngazi ndefu. Dume anasimama kwa miguu ya nyuma akipanda. Hapo nikajua simchukui hata majibu yakiwa safi.

Kijana sasa. Nilikwenda nikiwa nimeshamnunua moyoni. Anatembea vizuri, mpole, nundu imekaa. Utepe ukazunguka korodani, sentimita 33. Nikaanza kufungua mkoba! Daktari akasema ngoja. Akachukua mbegu, akaweka chini ya kile kidarubini chake juu ya boneti ya gari, akatazama, akatazama tena, akaniambia nami nitazame. Mimi niliona vitu kama mchele unaochemka. Yeye aliona mikia iliyojikunja. Zenye umbo zuri ni 58 kwa mia.

Mwenye shamba alikasirika kidogo, akasema dume hana tatizo. Daktari akauliza kama aliugua karibuni. Wakatazamana na mchungaji. Kumbe wiki tano zilizopita alikuwa na homa kali siku tatu, wakamtibu, akapona, wakasahau. Daktari akasema mbegu huchukua kama siku 60 kutengenezwa, kwa hiyo tunachokiona leo kilikuwa jikoni siku ile ya homa. Arudiwe baada ya miezi miwili ndipo ahukumiwe.

Kwa hiyo sina dume hata mmoja. Tumekubaliana na mwenye kijana: nimeacha 30,000, tumeandika, akipimwa tena akapita 70 namalizia, asipopita narudishiwa. Alitaka nimchukue hivyohivyo kwa 250,000. Nilishawishika, nisiwafiche. Elfu arobaini ni nyama nyingi. Nikakumbuka wale 21 wa Mzee wa Konza.

Mitamba tisa tunawaanza wiki ya kesho kutwa kwa mrija, Fundi asante, nimekuandikia pembeni. Wazima 12 watangoja. Kijana wangu wa boma ananung'unika kwamba tutapoteza miezi miwili, nami namwambia bora miwili ninayoijua.

Jambo lingine. Nilikuwa na mizani ya zamani ya kuning'iniza, ile ya duara tuliyoacha kutumia bucha tulipoleta ya umeme. Nimeipeleka Isinya, imefungwa kwenye tawi la mgunga karibu na boma na gunia chini yake lililokatwa matundu manne ya miguu. Jana alfajiri, kabla sijafungua, picha ikaingia kwenye simu. Ndama wa mwisho mwisho wa yule mwekundu, mama ni ng'ombe mzima wa uzao wa nne, amezaa salama. Amening'inia kwenye gunia, miguu minne inapepea, ulimi nje, wa waridi. Kilo 38.

Nimeiandika kwenye daftari la madeni ya bucha, ukurasa wa nyuma, sikuwa na lingine karibu.

Swali moja limebaki: kijana akija, nimfunge peke yake siku ngapi kabla ya kumchanganya?

Daktari wa Vumbi (Jumapili, saa 3 usiku)

Siku 30, na kabla hajaja uliza kama shamba anakotoka wanaogesha kila wiki. Kama amekulia bila kupe, ndigana ya Isinya, homa inayoletwa na kupe, itamlaza kabla hajamwona jike hata mmoja, achanjwe akiwa hukohuko. Kibali cha kuhamisha mifugo chukueni mapema, si siku ya lori. Na hilo daftari, andika pia tarehe na jina la mama.

Mama Bucha (Jumapili, saa 3 usiku)

Mama wa huyu tunamwita Deni. Sawa daktari.